Mikoko Iliyokufa Pasipo Kuonekana

Mwishoni mwa mwaka 2015 mikoko ya Ghuba ya Carpentaria, kaskazini mwa Australia, ilianza kukauka kwa pamoja. Ndani ya miezi michache ukanda wa pwani wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, kutoka mlango wa Mto Roper upande wa magharibi hadi Karumba upande wa mashariki, ulibaki na miti iliyopukutika majani. Eneo lililoathirika vibaya lilikadiriwa kuwa hekta 7,400. Sehemu ya msitu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, ambayo wanakijiji wanaitunza chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, ina hekta 117. Ingebidi kuipoteza mara 63 ndipo ufikie hasara ya Carpentaria.

Hasara hiyo yote ilitokea bila dunia kuwa na habari. Ghuba ile ina watu wachache na barabara chache, na mvua zake zikianza hufunga njia kwa wiki nyingi. Isitoshe, mapema mwaka 2016 wanasayansi na waandishi wengi wa Australia walikuwa wameelekeza macho upande wa pili wa jimbo la Queensland, kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef yaliyokuwa yakipauka kwa joto la bahari. Walioleta habari za mikoko ni watu wa pale pale. Wavuvi na wakazi waliopita kwa boti waliona kijivu mahali walipozoea kuona kijani, wakapiga picha. Habari na picha hizo zilimfikia Norman Duke, mtaalamu wa mikoko wa Chuo Kikuu cha James Cook. Ndipo wataalamu wakafungua hazina ya picha za zamani za setilaiti za Landsat kutafuta janga lilianza lini, na jibu likawa kwamba miezi mingi ilikuwa imeshapita.

Picha za wavuvi zilithibitisha kwamba msitu umekufa. Hazikuweza kueleza yaliyotangulia: majani yalianza kugeuka rangi lini, ni miti ya upande gani iliyotangulia, miche iliyokuwa chini yake ilikuwa na hali gani, na maji ya bahari yalikuwa yakifika wapi mwaka mmoja kabla. Setilaiti ilijibu sehemu tu ya maswali hayo. Kila nukta moja ya picha ya Landsat, yaani pikseli, inafunika ardhi ya mita 30 kwa 30. Ndani yake mna miti mingi, matope, miche na kijito cha maji, vyote vikiwa vimechanganywa kuwa rangi moja. Ili kujua kilichotokea chini ya majani, zilihitajika picha zilizopigwa wakati msitu ukiwa mzima, wakati ambapo hakuna aliyeona sababu ya kuupiga picha.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka msomaji wa pwani yetu alitafakari. Picha ya siku ambayo hakuna kilichotokea ndiyo inayoipa maana picha ya siku ya msiba. Na mtu anayeweza kuipiga picha hiyo ya siku ya kawaida, mwezi baada ya mwezi, kwa gharama ndogo na kwa uaminifu, ni yule anayeishi kando ya mlango wa mto.

Bahari ilipopungua

Kwanza tuelewe kilichoiua mikoko ya Carpentaria, kwa sababu ndicho kitakachotuonyesha picha inapaswa kuangalia nini.

Miaka ya 2015 na 2016 ilikuwa wakati wa El Niño kali. Katika hali hiyo pepo zinazosukuma maji ya Bahari ya Pasifiki kuelekea magharibi hulegea, na usawa wa bahari upande wa Australia na Indonesia hushuka. Katika Ghuba ya Carpentaria ulishuka kwa sentimita 20 au zaidi. Mtu aliyesimama ufukweni huenda asione tofauti. Kwa mti ulioota pembeni kabisa mwa eneo linalofikiwa na bamvua, ni tofauti ya kufa na kupona. Bahari isipoufikia, chumvi iliyomo kwenye udongo haisafishwi, nayo huzidi kukolea kadiri jua linavyokausha matope. Mwaka ule mvua pia zilikuwa haba na joto lilikuwa kali kupita kawaida, kwa hiyo hapakuwa na maji ya juu wala ya chini ya kuiokoa miti.

Baadaye sababu nyingine ilitajwa, nayo ni mwezi. Njia ya mwezi kuizunguka dunia imeinama kidogo, na mwelekeo wa mwinamo huo hubadilika polepole na kurudi ulipokuwa kila baada ya miaka 18.6. Mabadiliko hayo huongeza au kupunguza tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mwaka 2022 Neil Saintilan wa Chuo Kikuu cha Macquarie na wenzake walichapisha utafiti uliotumia picha za setilaiti za Australia nzima, kuanzia miaka ya 1980. Walionyesha kwamba wingi wa majani ya mikoko hupanda na kushuka kwa kufuata mzunguko huo wa mwezi. Katika Ghuba ya Carpentaria, ambako maji hujaa mara moja tu kwa siku, mwaka 2015 uliangukia katika kipindi ambacho kujaa kwa maji kulikuwa hafifu. El Niño na mwezi vilikutana, na miti ya pembeni ikakosa maji kwa pande zote mbili.

Msitu wa mlangoni mwa mto, basi, una midundo kadhaa inayopishana: ya siku, ya bamvua na maji mafu, ya misimu ya mvua, ya El Niño, na huo wa karibu miaka 19. Anayetazama mara moja hawezi kujua ameona mdundo upi. Majani yaliyopungua yanaweza kuwa jambo la kawaida la msimu, au mwanzo wa kifo. Hakuna njia ya kutofautisha mambo hayo mawili ila kutazama mahali pale pale kwa miaka mingi.

Kamera ndani ya boti

Huko Australia kazi ya kutazama ilikuwa imeshaanza kabla ya msiba. Norman Duke na mwenzake Jock Mackenzie walianzisha mpango uitwao MangroveWatch, unaowaunganisha wakazi na wanasayansi. Wakazi hupanda boti, huenda mwendo wa polepole sambamba na ukingo, na kurekodi msitu kwa kamera ya video huku kifaa cha GPS kikiandika mahali boti ilipo kila sekunde. Wataalamu huzipitia picha hizo kipande kwa kipande na kuhesabu yanayoonekana: miti iliyosongamana au iliyo mbalimbali, matawi makavu, miche mipya, ukingo unaomomonyoka, mahali palipokatwa. Baada ya mwaka safari hurudiwa, na kila kipande cha ukingo hulinganishwa na chenyewe.

Katika Carpentaria, baada ya msiba, kazi hiyo ilishikwa na walinzi wa mazingira wa jamii za wenyeji asilia, wakiwemo wale wa Carpentaria Land Council, kwa kuwa bahari na vijito hivyo ni nchi ya mababu zao. Wao ndio waliokuwa na boti, ndio waliojua mkondo upi unapitika maji yakiwa yamepwa, na ndio waliokuwepo kati ya ziara moja ya wataalamu na nyingine. Wataalamu nao walipima kutoka angani kwa helikopta mwaka 2017 na 2019. Katikati ya vipimo hivyo viwili vilipita vimbunga Owen na Trevor, na ikaonekana jambo ambalo lisingejulikana kwa kutazama mara moja. Magogo ya miti iliyokufa mwaka 2015 yaling'olewa na mawimbi, yakaburutwa juu ya matope na kuiponda miche iliyokuwa imeanza kuota. Msitu uliokuwa ukijaribu kurudi ulirudishwa nyuma na maiti za miti yake wenyewe. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu yeyote anayepanga kupanda miche mahali palipokufa mikoko, na lilifahamika kwa sababu mahali pale pale palitazamwa zaidi ya mara moja.

Wakazi wa mahali pengine wameonyesha ustadi wa aina hiyo kwa vifaa duni zaidi. Mwezi Aprili 2010 kisima cha mafuta kililipuka katika Ghuba ya Meksiko na mafuta yakaanza kusambaa kuelekea vinamasi vya Louisiana, Marekani. Watu wa kujitolea waliagiza maputo na tiara, wakafunga chini yake kamera za bei nafuu zinazojipiga zenyewe, na kuzirusha juu ya vinamasi na fukwe. Picha zaidi ya 100,000 zilikusanywa, kisha zikaunganishwa kuwa ramani zilizoonyesha mambo madogo yasiyoonekana vizuri kutoka kwenye setilaiti. Picha za kabla mafuta hayajafika zilikuwa na thamani sawa na zile za baadaye, maana bila hizo za mwanzo mtu angeweza kudai kwamba nyasi zilikuwa zimeshakauka.

Picha inavyogeuka kipimo

Wengi tunazo picha za pwani kwenye simu, na nyingi hazina faida kwa sayansi. Kosa si la kamera. Zimepigwa kutoka sehemu tofauti, kwa pembe tofauti, maji yakiwa yamejaa katika moja na yamepwa katika nyingine. Tofauti zinazoonekana ni za mpiga picha, si za msitu.

Dawa yake ilijulikana tangu karne ya 19. Mwishoni mwa miaka ya 1880 mtaalamu wa hesabu wa Ujerumani, Sebastian Finsterwalder, alipiga picha barafu ya milima ya Alps kutoka vituo maalumu vilivyowekewa alama, ili mtu mwingine aweze kurudi pale pale na kulinganisha. Kanuni haijabadilika: kituo kimoja, upande mmoja, tena na tena.

Mwaka 2017 Mitchell Harley na wenzake wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney, waliifanya kanuni hiyo iwe rahisi kwa kila mpita njia. Mpango wao, CoastSnap, huweka ufukweni nguzo yenye kishikizo cha chuma kisichoshika kutu. Unaweka simu yako kwenye kishikizo, unapiga picha, unaituma. Kishikizo kinailazimisha simu yoyote itazame upande ule ule, kwa hiyo picha za mamia ya watu wasiojuana huwa mfululizo mmoja. Mpango ulianzia katika fukwe za Manly na North Narrabeen na umeenea katika nchi nyingi.

Hesabu inayofuata ni nzuri kuifahamu. Ndani ya picha kuna vitu visivyohama ambavyo mahali pake pamepimwa: pembe ya jengo, nguzo ya taa, jabali. Kompyuta ikijua vitu hivyo viko wapi ardhini na viko wapi kwenye picha, inaweza kuinyoosha picha iliyopigwa kwa ubavu na kuifanya ramani iliyotazamwa kutoka juu. Saa ya picha inajulikana, na jedwali la maji kupwa na kujaa linatoa kimo cha bahari saa hiyo. Basi ule mstari ambapo maji yanakutana na mchanga unakuwa kipimo cha kimo cha ardhi. Picha nyingi za maji ya vimo mbalimbali zinachora mwinamo wa ufuko mzima, na ufuko ukiliwa, mstari husogea.

Kwa msitu kuna kipimo kingine, cha rangi. Kila pikseli ya picha ya simu ni namba tatu, kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Ukichukua kijani na kukigawa kwa jumla ya zote tatu, unapata uwiano wa kijani. Tuseme jani zima limetoa nyekundu 90, kijani 120 na buluu 70. Uwiano wake ni 120 gawanya kwa 280, yaani 0.43. Tuseme jani linalokauka limetoa 130, 115 na 95. Uwiano unashuka hadi 0.34. Jicho linaweza kusema majani bado ni ya kijani huku namba ikiwa imeanza kuteremka. Watafiti wa misitu hutumia uwiano huo kila siku kwa kamera zilizofungwa juu ya minara ili kujua miti inachipua lini na kupukutisha lini.

Simu ina tabia moja ya kuangaliwa. Hurekebisha rangi yenyewe kulingana na mwanga, na inaweza kuufanya msitu ule ule uonekane wa manjano jioni na wa buluu asubuhi. Kwa hiyo picha zilinganishwe za saa moja na za hali moja ya hewa, na inafaa kuwe na kitu chenye rangi isiyobadilika ndani ya picha, kama ubao uliopakwa rangi nyeupe. Ubao ukionekana wa manjano, utajua ni mwanga uliobadilika, si majani.

Mchu ni ule ule

Msomaji wa Lamu au Kilwa anaweza kuuliza Carpentaria inamhusu nini. Jamii ya mti iliyokufa kwa wingi zaidi kule ni Avicennia marina. Huo ni mchu, mti ule ule unaoota nyuma ya nyumba za Tudor, Pangani na Mafia.

Chuma jani la mchu wakati wa kiangazi, saa za mchana, ulitazame kwa karibu. Utaona chembe ndogo nyeupe zinazong'aa. Ukiligusa kwa ulimi ni chumvi. Mchu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani yake, kazi inayohitaji nguvu na maji ya kutosha. Chini yake, kuuzunguka mti mita kadhaa kila upande, kumechomoza mamia ya mizizi iliyosimama wima, kimo cha kidole au zaidi kidogo. Matope hayana hewa, kwa hiyo mizizi hiyo hutoka nje kupumua maji yakipwa. Kwa ustadi huo mchu huweza kuishi mahali ambapo miti mingine hushindwa. Na kwa ustadi huo huo una njia mbili za kufa: udongo ukizidi chumvi kwa kukosa maji, au mizizi ya kupumulia ikifukiwa.

Carpentaria ilipatwa na ya kwanza, na pwani yetu imewahi kupatwa na ya pili. El Niño inayowaletea Waaustralia ukame, kwetu huleta mafuriko. Mvua za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo wa mashamba ya bara na kuumwaga kwenye hori la Mwache, karibu na Mombasa. Matope yalifunika mizizi, na sehemu kubwa ya mikoko ya hori hilo ikafa imesimama. El Niño ni ileile, mti ni ule ule, kifo ni cha namna nyingine kabisa. Ndiyo maana hatuwezi kuazima picha za Australia tukadhani zinatueleza sisi. Tunahitaji zetu, zinazoonyesha kimo cha matope kwenye mizizi yetu.

Na haja hiyo haiwezi kusubiri. Delta ya Rufiji ina mikoko ya hekta zipatazo 50,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, juu ya mto huo, lilianza kujazwa maji. Bwawa lolote hubakiza nyuma yake sehemu ya udongo uliokuwa ukishuka na mto, na delta huishi kwa udongo huo. Huko huko kwenye delta, hasa upande wa kaskazini, mikoko imekuwa ikifyekwa kupisha mashamba ya mpunga. Bahari nayo inazidi kupanda. Miaka 15 ijayo mtu akisimama penye ukingo uliomomonyoka na kuuliza ni kwa sababu ipi, watu wenye nia njema watabishana bila mwisho kama hakuna kumbukumbu. Picha za vituo 20 vya kudumu, zilizoanza kupigwa sasa, zingewapa mahali pa kuanzia mazungumzo.

Nchini Kenya, ambako mikoko inakadiriwa kufunika hekta 61,271 na zaidi ya nusu yake iko Lamu, tayari kuna vyama vya jamii vya misitu vinavyohesabu na kupima miti. Tanzania ina vikundi vya usimamizi wa rasilimali za fukwe, vilivyozoeleka kwa jina la BMU. Watu wa kazi hii wapo. Wanaujua mkoko, mkandaa, mchu, mlilana na mkomafi kwa majina, kwa moshi wa kuni zake na kwa ubora wa boriti zake. Kinachokosekana ni utaratibu wa picha.

Namna ya kuanza

Chagua kituo ambacho mtu atafika mwaka mzima bila kuhatarisha maisha: mwisho wa gati, ukingo wa daraja, mwamba, au nguzo iliyosimikwa. Nguzo isimikwe juu ya ardhi ngumu, si kwenye matope yanayohama. Weka juu yake kibao chenye mfuo wa kuegemeza simu. Fundi seremala wa majahazi anaweza kukitengeneza kwa mbao za mabaki. Kama nguzo haiwezekani, chapisha picha ya kwanza kwenye karatasi, uwe unaishika mkononi na kulinganisha hadi kitu cha mbele na kitu cha nyuma viangukiane kama vilivyokuwa.

Shika simu kwa ulalo na usivute karibu kwa kukuza picha. Mstari wa upeo uwe katika theluthi ya juu, ili sehemu kubwa ya picha iwe msitu na matope. Piga picha ya mbele, kisha ya kushoto na ya kulia. Kisha piga moja ya chini, kwenye mizizi, ukiwa umesimamisha rula au ufito wenye alama za sentimita. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayosema kama matope yanapanda au yanashuka, na haiwezi kupigwa na setilaiti yoyote.

Kuhusu saa, bahari yetu imetufanyia hisani. Kwenye pwani ya Mombasa, Tanga na Unguja, siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa sana alasiri. Saa hizo hazibadiliki sana kutoka bamvua moja hadi nyingine. Anayepiga picha kila bamvua anapata kwa pamoja maji yaliyopwa kwa kiwango kinachokaribiana na mwanga wa saa moja, mambo mawili ambayo watafiti wa nchi nyingine huhangaika kuyaoanisha. Picha ya saa nne asubuhi itaonyesha mizizi, miche na matope. Picha ya alasiri itaonyesha maji yalifika wapi. Ikipigwa kwa miaka, hiyo ya alasiri ndiyo itakayoonyesha bahari inavyosogea ndani ya nchi.

Jambo la kutunza faili linawaangusha wengi. Picha halisi kutoka kwenye kamera ya simu hubeba ndani yake tarehe, saa, na mara nyingi mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa ikapungua ubora na taarifa hizo hufutwa. Itume kama dokumenti, au ihamishe kwa waya hadi kwenye kompyuta. Ipe jina linaloeleweka, kwa mfano jina la kituo likifuatiwa na mwaka, mwezi, siku na saa. Weka nakala mbili mahali tofauti. Na daftari liwepo, la karatasi, likiandikwa yale ambayo kamera haiyaoni: mvua ya wiki iliyopita, harufu ya mafuta, kaa waliotoweka, boti ngeni iliyopakia magogo, miche iliyopandwa na watoto wa shule na idadi yake.

Picha ni za nani

Kuna swali ambalo halipaswi kuachwa hadi mwisho wa mradi. Mikoko si msitu mtupu. Ndani yake kuna akina mama wanaookota kaa na chaza, wavuvi, wakata boriti, wafuga nyuki. Baadhi yao wana vibali, baadhi hawana, na wote wanatafuta riziki. Kamera inayotazama msitu kila bamvua inaweza kugeuka kamera ya kuwapeleleza. Ikitokea hivyo hata mara moja, hakuna atakayekubali nguzo nyingine kijijini.

Kwa hiyo kijiji kikubaliane mapema, mkutanoni, wazee na vijana na akina mama wakiwepo: picha zipigwe watu wakiwa hawapo, au sura zifichwe kabla ya kuhifadhiwa, na zisitumiwe kama ushahidi dhidi ya mtu mmoja mmoja. Kijiji kibaki na nakala kamili, na mtafiti anayezitumia arudi kueleza alichokiona. Wakazi wanaojitolea kwa miaka bila kurudishiwa lolote huacha, na mfululizo hukatika. Pengo la miaka miwili katikati ya kumbukumbu haliwezi kuzibwa kwa fedha.

Vyuo na idara za serikali nazo zina wajibu wao. Mara nyingi picha ya mkazi hupokewa kama malalamiko, inapelekwa kwenye dawati, inasahauliwa. Inapaswa kupokewa kama kipimo, sawa na kimo cha mto au kiasi cha mvua, na kuwa na mahali rasmi pa kuhifadhiwa ambapo hata mwanafunzi wa mwaka 2045 ataweza kuifungua. Chuo kimoja kwa kila mkoa wa pwani kikikubali kubeba kazi hiyo, vijiji vitajua vinapeleka picha zao wapi.

Wakazi wa Carpentaria walifanya yote waliyoweza kwa kutoa habari. Walichelewa kwa sababu hakuna aliyekuwa amewaomba watazame mapema, wala hapakuwa na mahali pa kupeleka picha za msitu ulio mzima. Kwetu mikoko mingi bado ni mizima, simu zimejaa vijijini, na kuna watu wanaoujua kila mkondo wa delta kwa jina lake. Bamvua ijayo haiko mbali hata wiki mbili. Kijiji kinachotaka kuanza kinahitaji nguzo moja, daftari moja, na watu wawili watatu waliokubali kupokezana zamu.